Homa ya Fancy na Mwarobaini wa Nyanya

Wanyonyi alichochea jiko kama mtu mwenye uhakika. Kwenye sufuria majani ya mwarobaini yalikuwa yanachemka. Mama yake, Nakhumicha, ndiye aliyempa majani hayo walipokwenda Bungoma likizo ya Desemba. Sasa walikuwa na wiki moja tangu warudi Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua karibu na Ziwa Naivasha.

Kitandani binti yake Fancy, wa miaka mitano, alitetemeka chini ya blanketi mbili. Homa ilianza jana.

"Baba Fancy, twende hospitali," alisema mkewe, Nekoye. "Jana alikunywa hiyo dawa. Leo amezidi."

"Hii kitu ndio imenilea," Wanyonyi alijibu. "Nikishikwa na malaria, mama alikuwa ananichemshia. Siku tatu, niko shambani. Inatibu magonjwa arobaini, hata jina linasema."

Alisema kwa sauti kubwa, lakini moyoni aliogopa sana. Alishika kile alichokijua tangu utotoni.

Alimwinua Fancy, akampa kijiko kimoja. Mtoto akatapika. Akachota kingine. Mara meno ya mtoto yakaumana, macho yakageuka juu, mikono ikaanza kujirusha.

"Woi! Mtoto wangu!" Nekoye alipiga mayowe.

Jirani yao Cheruto aliingia mbio. Yeye ni mhudumu wa afya wa mtaa. Alimlaza Fancy kwa ubavu.

"Usimtie kitu mdomoni! Hata maji. Mmetoka safari?"

"Bungoma," Nekoye alijibu.

"Hiyo inaweza kuwa malaria kali. Ita boda boda. Sasa hivi!"

Njiani Wanyonyi alimkumbatia mtoto, akisikiliza pumzi zake. Moja ilichelewa, naye akamwita kwa jina. Sala zote alizozijua zilimtoroka. Alibaki na "Mungu, tafadhali" tu.

Hospitalini Fancy alidungwa kidole. Kipimo kilionyesha malaria. Akawekewa dawa kwenye mshipa. Saa zikapita, macho hayakufunguka.

"Lakini mimi nilikuwa napona," Wanyonyi alimwambia Cheruto, aliyekuwa amewafuata, wakiwa wameketi kwenye benchi.

"Wewe ulikua kwenye mbu. Mwili wako ulizoea malaria pole pole. Fancy amezaliwa huku kwenye baridi. Mwili wake haujui huo ugonjwa, kwa hivyo unamwangusha haraka."

"Na mwarobaini?"

"Wengi huitumia kuoshea ngozi inayowasha. Lakini kwa malaria, usiitegemee. Mtoto mdogo asinyweshwe, wala mama mjamzito. Inaweza kuwadhuru. Halafu inakupotezea muda. Homa ikianza, mtoto apimwe siku hiyo hiyo. Na mkienda nyumbani Bungoma, mlale kwa neti ya mbu yenye dawa."

Wanyonyi alifunika uso kwa mikono. Ni yeye mwenyewe aliyekataa kwenda.

Asubuhi Fancy alifungua macho, akaomba uji. Wanyonyi alilia mbele ya watu wote, na hakuona haya hata kidogo.

Likizo ya Agosti walikwenda tena Bungoma. Neti ndiyo iliyofungashwa kwanza. Walirudi salama.

Siku chache baadaye jirani mwingine, Owino, alibisha mlangoni.

"Boss, nipee ile mwarobaini ya kwenu. Mtoto wangu Levis ana homa tangu asubuhi."

"Mlitoka kwenu Siaya lini?"

"Wiki jana. Homa tu, kesho atakuwa fiti."

Wanyonyi hakutoa hata jani moja. Alivaa koti.

"Beba mtoto. Mengine tutaongea njiani."

"Lakini ni homa tu, ndugu yangu!"

"Hata mimi nilikataa kwenda hospitali hivyo hivyo. Beba mtoto."

Kipimo kilionyesha malaria. Levis alipewa vidonge, akameza cha kwanza pale pale. Jioni alirudi nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe.