Feni Iliyokataa Kuzunguka

Mvua zikianza, nguo za nyumbani kwao Chiriku hazikauki. Kwa hiyo mama yake, mtunza bwawa wa kituo cha mazoezi ya viungo, alibeba sare mbichi hadi kazini na kuzianika kwenye kamba ndani ya chumba cha mashine. Humo mlikuwa na kipasha maji cha bwawa, na joto lake lilikausha nguo upesi. Tangazo la mlangoni lilikataza kuanika humo. Mama alilipita kila siku kama mtu anayepishana na jirani aliyegombana naye.

Chiriku, msichana wa darasa la sita aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, alikuwa na ujanja wake mwenyewe. Kipasha maji kilikuwa na feni iliyovuta hewa kupitia tundu lenye wavu. Ukibandika soksi pale, inanata yenyewe bila kibanio. Jioni moja alibandika soksi mbili. Asubuhi aliikuta moja tu, akaenda shule na soksi zisizofanana, nyeupe na ya kijivu.

Alipotoka shule alimkuta mdogo wake ameketi ukingoni mwa bwawa, anatetemeka. Mtoto huyo alikuwa amevunjika mguu, na sasa alijifunza kutembea upya ndani ya maji ya uvuguvugu. Wiki ile ndiyo kwanza alianza kuuachia mkono wa mama.

"Dada, maji ni baridi," alisema. "Mguu unakakamaa."

Katika chumba cha mashine, fundi alikuwa amepiga magoti. Mama alisimama nyuma yake. Kamba ya nguo haikuwepo tena.

"Feni haianzi," fundi alisema. "Na isipopuliza, moto hauwaki. Mashine hii ina akili, haitaki kutulipua."

Alikagua fyuzi, ikawa nzima. Akajaribu nyaya kwa testa, umeme ulifika. Pampu nayo ilisukuma maji vizuri. Alipowasha swichi, mota iliguna, kisha ikanyamaza.

"Inataka kuzunguka, haiwezi. Mota hii imeshika kutu ndani, kama ile ya mwaka jana. Agizeni mota mpya, na ikifika mwezi ujao mshukuru."

Chiriku aliutazama wavu. Pembe yake moja ilikuwa imebanduka na kuacha upenyo. Alipoinua macho, aliona mama anamtazama miguuni, soksi nyeupe na ya kijivu. Mama akatikisa kichwa polepole, kumwambia anyamaze.

Walipotoka nje, Chiriku alinong'ona, "Mama, ni soksi yangu."

"Najua. Ukisema, wataulizia kamba ni ya nani. Nikifukuzwa kazi, nani atamruhusu mdogo wako aingie humu bure?"

Chiriku aliogopa, na alimkasirikia mama yake, na kumkasirikia mama kulimtia aibu.

Mama aliingia majini na mtoto kujaribu. Hatua chache tu, mguu ukakakamaa, mtoto akamng'ang'ania shingoni huku analia. "Sitaki tena kutembea," alisema.

Chiriku hakungoja zaidi. Alimkuta fundi anafunga mkoba wake.

"Fundi, shikamoo. Tafadhali usiondoke. Fungua feni, soksi yangu imo ndani."

Fundi alimtazama miguuni. "Marahaba. Nani alikuruhusu kuanika humu?"

Chiriku wa mdomo usio na breki aliinamia soksi zake.

"Mimi," ilisema sauti mlangoni. Mama alikuwa amembeba mtoto, nguo zake zinachuruzika maji. "Kamba ilikuwa yangu. Nimeificha kabla hujafika."

Fundi alizima umeme, akafungua skrubu, akaivuta feni. Soksi nyeupe, sasa nyeusi tii, ilikuwa imejisokota kwenye mapanga yake. Alipoitoa, feni ilizunguka kwa kusukumwa na kidole.

"Nami nilitaka kuizika mota hai," alisema. "Ningefungua kwanza."

Aliporudisha kila kitu, feni ilianza kuvuma na moto ukawaka. Mama alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kituo kueleza. Alirudi na barua ya onyo, macho mekundu, lakini kazi yake ilibaki.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alivaa soksi mbichi. Mama alipiga magoti kumsaidia kuzivuta.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema. "Nilijua ugonjwa wa ile mashine, nikamwacha fundi apapase, mdogo wako alie. Kuanika pale tulikosea sote wawili. Lakini kukunyamazisha lilikuwa kosa langu peke yangu. Ukijua kweli, mwanangu, iseme mapema, hata kama anayekukataza ni mimi."

"Ndiyo, mama. Zinabana, halafu ni baridi."

"Zitakaukia mguuni," mama alisema. "Nenda, utachelewa."