Kurasa Alizoruka Ambili

Kila siku akitoka shule, Ambili alivua viatu barazani, akala ndizi mbili za kukaanga hali amesimama, akagombezwa na mama yake kwa kula amesimama, kisha akatimka kwenda maktaba. Msidhani alikimbilia vitabu. Nyuma ya maktaba ya kijiji cha Karimpara kulikuwa na uwanja wa mpira wa vinyoya, na aliyechelewa aliachiwa raketi iliyokatika nyuzi.

Maktaba hiyo ilijengwa na wanakijiji wenyewe, enzi za babu zao, kwa mawe waliyoyabeba vichwani. Jioni wanaume walijaa ukumbini wakigombea gazeti na kubishana siasa mpaka mate yakawakauka. Mkutubi, Dada Shylaja, alizunguka nyumba kwa nyumba na mfuko begani, akiwapelekea vitabu akina mama na wagonjwa wasioweza kufika.

Mwezi wa Juni, mvua zilipoanza, bajaji yenye kipaza sauti ilipita njia zote ikinguruma: "Wananchi wa Karimpara! Maktaba yenu inawaletea Wiki ya Usomaji! Kutakuwa na kupimwa macho bure! Darasa la kompyuta kwa akina mama! Jioni ya mashairi! Na huduma mpya kabisa, Macho ya Jirani: mtoto mmoja, mzee mmoja, kitabu kimoja!"

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kwa wiki chache kabla ya shughuli hizo, mtoto angemsomea kitabu kizima mzee ambaye macho yake yamemtupa mkono. Siku ya kufunga Wiki ya Usomaji, mzee angesimama mbele ya watu akisimulie kitabu alichosomewa. Atakayesimulia vizuri kuliko wote angepewa kombe yeye na msomaji wake. Ambili alilitaka kombe hilo kwa moyo wote, kwa sababu rafiki yake Rasiya alilipata la insha mwaka uliopita na tangu hapo hakuacha kulitaja.

Alipangiwa Bibi Cheeru, mjane aliyeishi karibu na mfereji. Bibi huyu alisokota kamba za makumbi ya nazi tangu utotoni mpaka vidole vikapinda. Alijifunza kusoma uzeeni, katika maktaba ileile, darasa la watu wazima lilipofunguliwa. Alisoma kama mtu aliyenyimwa chakula miaka mingi. Kisha presha ya macho ikamwingia, na giza likafuata.

"Kuna kitabu kimoja nilikifikisha robo tu," alimwambia Ambili siku ya kwanza. "Kile kinene, cha hadithi ya Janu, mwanamke wa kusokota kamba kama mimi. Ana binti, Thanka. Nataka kujua walifika wapi. Utaniweza, mjukuu wangu? Mimi ni msumbufu, nauliza maswali."

"Nitakuweza, Bibi. Mimi nasoma kama redio."

"Haya, redio. Ila usiniwekee matangazo."

Wakacheka wote wawili. Siku za mwanzo Ambili alisoma vizuri, neno kwa neno. Lakini kitabu kilikuwa kinene, maandishi madogo, kurasa zimepata rangi ya chai, na kutoka uwanjani sauti za wenzake zilimfikia mpaka pale kibarazani. Siku moja aligeuza kurasa mbili kwa pamoja. Kesho yake akageuza tano.

"Kurasa za siku hizi zinapita upesi," Bibi Cheeru alisema akitabasamu.

"Ni fupi fupi hapa, Bibi."

Mwisho wake aliacha kusoma kabisa. Alifunua kitabu magotini na kutunga hadithi yake kichwani. Akasema Thanka alitoroka kwenda Bombay, akawa tajiri, akarudi kijijini siku ya sikukuu ya hekalu akiwa juu ya tembo aliyepambwa, na mama yake akamkimbilia akilia. Bibi Cheeru aliposikia hayo naye alilia, akapiga makofi, akaingia jikoni kwa kupapasa na kutoka na kipande cha sukari guru.

"Chukua, mwanangu. Umenirudishia mtoto wa watu nyumbani," alisema.

Ambili aliila sukari ile, na ilikuwa tamu. Ukiona mwizi anapongezwa, jua wizi utaongezeka. Katika kitabu chenyewe alisoma ukurasa wa mwisho tu, akaukariri ili amalizie nao, basi. Kitabu kikuukuu namna ile, alijiambia, kilichokaa rafuni miaka bila kuazimwa, nani atakijua? Hapo ndipo alipokosea. Watoto wa Karimpara walikisahau, lakini wazee wao walikipokezana kitabu hicho ujana wao wote, wakakisoma kwa sauti ukumbini jioni, wakati wanawake kama Bibi Cheeru wangali kwenye kamba. Nusu ya kijiji ilikijua kuliko ilivyojua ukoo wake.

Siku moja kabla ya mashindano, Bibi Cheeru alimshika mkono asiondoke.

"Sugathan amekuja likizo kutoka Dubai," alisema. Sugathan alikuwa mwanawe wa pekee. "Anasema nimeanza kusahausahau. Anasema siwezi kuishi peke yangu, atanipeleka nyumba ya wazee huko mjini kabla hajarudi kazini. Nimemwambia, njoo kesho maktaba unisikilize, uone kama mama yako amepotewa na akili. Kwa hiyo nihakikishie, mjukuu wangu. Thanka alirudi juu ya tembo, sivyo? Sijachanganya?"

Neno moja tu lilihitajika, na muda ulikuwepo, lakini Ambili aliliona kombe akilini, akamwona Rasiya.

"Hujachanganya, Bibi," alisema.

Siku ya kufunga, ukumbi ulifurika. Bibi Cheeru alivaa vazi jeupe la pindo la dhahabu, lile la sikukuu. Alisimama wima na kuanza kusimulia, na mwanzoni watu walitulia tuli, maana alikuwa na kipaji. Sugathan, katika safu ya mbele, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha bibi akafika Bombay.

Watu wakatazamana. Alipofika kwenye tembo, mtu mmoja nyuma akacheka kwa nguvu.

"Tembo gani tena, Mama Cheeru? Tembo wa kitabu gani huyo?"

"Wa Janu," bibi alijibu. "Alimleta Thanka nyumbani."

"Thanka alikufa!" watu wawili watatu walisema kwa pamoja. "Alikufa kwa kipindupindu!"

Kicheko kikaenea. Mwalimu Kumaran, katibu wa maktaba, aliyekuwa akiongoza shughuli, aliinua mikono kuwanyamazisha. Alisema kwa upole, na upole wake ukazidi kuumiza, "Mama, labda umechanganya na hadithi nyingine. Si kitu. Uzee unatujia sote."

Bibi Cheeru aligeuza uso huku na huku, akitafuta. "Ambili? Ambili yuko wapi? Mwambie Mwalimu."

Ambili alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Aliinamisha kichwa, akazitazama kucha za miguu yake. Bibi alisubiri. Kisha akasema polepole, "Basi ni mimi. Nimechanganya mimi." Sugathan akapanda jukwaani, akamshika mamake begani na kumtoa nje, mvua ikinyesha. Kombe lilipewa watu wengine, na Ambili hata hakuona ni nani.

Kesho yake jioni alikwenda uwanjani kama kawaida, lakini alikosa kila pigo. Akamwona Dada Shylaja akitoka na mfuko wake, uso umemkunjamana.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kwa Bibi Cheeru, kuchukua kitabu kile. Sugathan anampeleka mjini kesho asubuhi. Na mwenyewe hapingi tena. Eti kama akili imefika pa kuona tembo wasiokuwepo, heri aende kabla hajaichoma nyumba."

Ambili akaiangusha raketi. "Tembo ni wangu," alisema. "Nilimtunga mimi. Niliruka kurasa. Bibi hakuchanganya hata kidogo."

Alitaraji kuambiwa pole, au walau kupigwa kofi, yaishe. Dada Shylaja hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama, akasema, "Aliyedanganywa si mimi. Tangulia kwa Bibi."

Walimkuta Bibi Cheeru ameketi kitandani karibu na sanduku lililokwisha kufungwa. Sugathan alikuwa akifunga madirisha. Ambili alisema yote, kwa sauti iliyokatikakatika, tangu kurasa mbili za kwanza mpaka kwenye tembo.

Sugathan alimaka. "Yaani ulisimama pale! Mama yangu anachekwa na kijiji kizima, anakuita kwa jina, nawe umesimama! Wewe ni mtoto wa namna gani?"

"Mwache," Bibi Cheeru alisema. Akamgeukia Ambili. "Jana usiku nilijipima. Nilitaja majina ya wasichana wote niliosokota nao kamba, ya waliokufa na waliohama. Yote nikayakumbuka, na bado nikajiambia, Cheeru, umekwisha. Mtoto hasemi uongo. Nilikuamini wewe kuliko kichwa changu mwenyewe."

Ambili alilia. Hakuna aliyemfuta machozi.

"Kwa hiyo Thanka alikufa," bibi alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na Janu alifanya nini alipofiwa?"

"Sijui, Bibi. Sikusoma."

Sugathan alilifungua sanduku na kuanza kuyarudisha mavazi kabatini. Baadaye alitoka nje, na kwa dirisha walimsikia akimpigia simu mtu wa nyumba ya wazee, kwamba mama yake haji. Alipoingia tena alipiga goti mbele ya mamake.

"Nisamehe, mama. Niliwaamini waliocheka."

"Uliamini uliyotaka kuyaamini," mama yake alijibu. "Lakini inuka, magoti yako si mazima."

Jioni iliyofuata Mwalimu Kumaran alisimama ukumbini, akaomba gazeti liwekwe chini, akawaeleza watu ukweli. Ambili alisimama kando yake na kusema mwenyewe sehemu iliyomhusu. Baadhi ya waliocheka walikwenda kwa Bibi Cheeru kumwomba radhi. Wengine walisema ni mambo ya watoto, wakarudia gazeti lao. Mwalimu alitangaza kwamba huduma ya Macho ya Jirani itaendelea, ila kuanzia sasa kila mtoto atakaa na mtu mzima anayefuatilia kitabu kwa macho.

"Ni kwa sababu yangu," Ambili alimwambia Dada Shylaja njiani, walipokuwa wakienda pamoja kwa bibi.

"Ni kwa sababu yako," Dada Shylaja alikubali. "Sikiliza, Ambili. Ukimdanganya mwenye macho, anaweza kukukagua. Asiyeona amekukabidhi dunia yake yote, na wewe ukambadilishia kwa sababu ya mpira wa vinyoya. Bibi amekusamehe, kwa kuwa ana moyo mkubwa. Kuaminiwa ni kitu kingine, hakiombwi wala hakitolewi zawadi. Utakifanyia kazi, ukurasa kwa ukurasa, na huenda usikipate."

Bibi Cheeru alikuwa amekwisha kukaa kibarazani, miguu ameikunja. Ambili alisalimu, akaketi, akakifungua kitabu.

"Nianzie alipokufa Thanka, Bibi?"

"Anzia mwanzo. Sijui tena lipi lilikuwa la kitabu na lipi lilikuwa lako."

Ambili akakohoa kusafisha koo na kusoma sentensi ya kwanza. Bibi Cheeru aliinua mkono kumsimamisha, akageuzia uso upande aliokaa mkutubi.

"Shylaja," aliuliza, "ndivyo kilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Bibi," alisema Dada Shylaja.

"Haya. Endelea."