Safari ya Bibi Wassa na Mashine Yake ya Oksijeni

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi Wassa aliketi dirishani. Tuliishi ghorofa ya pili, katikati ya jiji la Anchorage. Chini kulikuwa na magari yaliyoegeshwa na duka la kufulia nguo. Bibi hakuangalia magari. Alifungua dirisha kidogo, akanusa.

"Upepo umegeuka," alisema. "Samaki wanapanda mto."

Samaki aliowataja hawakuwa pale. Walikuwa Mto Kuskokwim, kijijini kwetu, mbali upande wa magharibi. Huko hakuna barabara ya kufika. Mtu huenda kwa ndege tu. Bibi aliletwa mjini mapafu yake yalipochoka, na mimi mjukuu wake nikaja kumtunza. Miaka miwili ikapita. Alivuta oksijeni kwa mrija wa puani mchana na usiku. Ndani ya nyumba alitumia mashine kubwa ya umeme. Akitoka, alibeba mtungi mdogo wa chuma.

Kijijini alibaki dada yake, Matrona. Walipigiana simu kila Jumapili.

"Umekata samaki wangapi?" Bibi aliuliza.

"Arobaini."

"Peke yako?"

"Na nani? Wewe umekuwa mtu wa mjini. Siku hizi unakula samaki wa kopo."

Walicheka. Hakuna aliyekata simu. Walisikilizana tu wakipumua.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, Matrona hakutania. Alisema, "Wassa, macho yangu yanazima. La kushoto limekwisha. Njoo nikuone, maadamu bado naona."

Bibi aliweka simu chini. Akaniambia, "Nastasia, kata tiketi."

"Tuwaambie watu wa ndege kwamba unavuta oksijeni?"

"Usinitangaze. Rubani ananijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake."

"Huyo ni rubani wa ndege ndogo, Bibi. Kwanza tunapanda ile kubwa mpaka mji wa Bethel, ndipo tupande yake."

"Ndege ni ndege."

Kwetu mtu mzima hatangazi shida yake. Mwenye macho ataiona mwenyewe. Nami nimelelewa hivyo, kwa hiyo nilikata tiketi bila kutaja oksijeni. Hapo ndipo tulipokosea.

Siku ya safari, Bibi alivaa gauni lake la kwetu, lenye mfuko mkubwa mbele. Akatia mtungi mfukoni. Tulipofika kaunta, binti wa shirika la ndege alimtazama tumbo.

"Mama, una nini humo?"

"Mimba," Bibi alijibu. "Ya uzeeni."

Yule binti alicheka. Kisha akauona mrija, na kicheko kikaisha.

"Pole, mama. Mtungi wako wa oksijeni haupandi ndege ya abiria. Gesi yake imeshindiliwa kwa nguvu. Ni hatari."

"Basi nauacha hapa."

"Halafu huko juu utavuta nini?"

Mizigo yetu ilirudishwa. Tulisimama kwenye dirisha la kioo tukaona ndege yetu ikiondoka. Bibi aliiangalia mpaka ikawa kama nzi, na hata ilipopotea aliendelea kuangalia palepale.

"Bibi Wassa! Nastasia!"

Alikuwa Erlinda, Mfilipino anayekaa ghorofa ya chini yetu. Kazi yake ni kusukuma abiria wenye viti vya magurudumu hapo uwanjani.

"Mnasafiri? Mbona hamkuniuliza? Miaka tisa niko hapa kila siku! Nawasikia juu ya dari yangu mkiburuta viti, lakini neno la safari, kimya!"

"Hatukutaka kukusumbua," nilisema.

"Haya. Sasa nani amesumbuka?"

Jioni ile alikuja kwetu na sufuria ya tambi. Tulipomaliza kula, alianza kutueleza.

"Mtungi sahau. Kuna mashine ndogo ya kubeba. Haihifadhi gesi ndani. Inavuta hewa hii hii na kuichuja, ikupe oksijeni. Inatumia betri. Lakini si kila mashine inakubaliwa. Tafuta maandishi kwenye mashine yanayosema inaruhusiwa ndani ya ndege. Usipoyaona, liulize shirika."

"Nitaipata wapi?" Bibi aliuliza.

"Anza kwa daktari. Mwambie unaruka. Hewa ndani ya ndege ni nyepesi kuliko hapa, labda utahitaji oksijeni zaidi ukiwa juu. Atakupima, na atakuandikia barua. Hiyo barua usiitie kwenye sanduku. Kaa nayo mkononi pamoja na dawa zako zote. Sanduku linaweza kwenda Seattle bila wewe."

Nilikuwa naandika. Erlinda alingoja mpaka nikamaliza mstari.

"Sasa betri. Zinatakiwa zitoshe safari yote na nusu yake tena. Kama safari ni ya saa nne, beba za saa sita. Na saa za kusubiri uzihesabu pia."

"Ukungu wa Bethel hausomi saa," Bibi alisema.

"Ndiyo maana uongeze nyingine. Betri za akiba unaingia nazo ndani ya ndege. Usizitie kwenye sanduku la chini hata siku moja, zinaweza kushika moto. Kila moja iwe kwenye mfuko wake, ile sehemu ya chuma isiguse kitu."

"Na ile ndege ndogo?" niliuliza.

"Hilo ni shirika lingine, lina taratibu zake. Yapigieni simu yote mawili, siku mbili kabla au zaidi. Na msitegemee maneno yangu tu. Waulizeni wenyewe."

Nikainua simu. Erlinda akanishika mkono.

"Si wewe. Yeye ndiye anayepumua."

Bibi aliishika simu muda mrefu bila kubonyeza. Nilidhani ataniachia. Mwishowe akapiga.

"Naitwa Wassa Alexie," alisema polepole. "Nina miaka themanini na moja. Bila mashine sipumui vizuri." Sauti yake ikawa ndogo. "Nataka kwenda kumwona dada yangu."

Alipokata simu alifuta macho kwa kiganja. "Mtu wa ndege amesema asante kwa kumwambia mapema," alisema, kama mtu asiyeamini. Kisha akalipigia shirika la pili.

Daktari alimpima na kuandika barua. Alisema akiwa angani aongeze kipimo cha oksijeni kidogo. Mashine yenyewe tuliingoja siku kumi na mbili. Zilikuwa ndefu. Jumapili, Matrona alisema samaki wakubwa wameshapita, wamebaki wadogo. Bibi alifungua dirisha, lakini hakunusa. Aliweka tu mkono nje.

Katika siku hizo nilimpigia mhudumu wa afya wa kijiji. Alituandalia mashine kubwa nyumbani kwa Matrona, na mitungi ya akiba kwa siku umeme ukikatika.

Safari ya pili tulifika uwanjani mapema. Nilitaka kusema, Bibi akanitangulia.

"Hii ni mashine yangu ya kupumulia," alimwambia mkaguzi wa usalama. "Siivui. Barua hii hapa."

Mkaguzi alisoma. Akaipangusa mashine kwa kitambaa chake cha kupimia vilipuzi, akaturuhusu. Ndani ya ndege tuliiweka chini ya kiti cha mbele, mahali Bibi anapoifikia.

Bethel tulikuta ukungu. Ndege ndogo haikuruka kwa muda wa saa tano. Niliichomeka mashine ukutani ili tusimalize betri. Bibi alisinzia huku amekunja mrija kiganjani. Ukungu ulipoinuka, rubani alitupima uzito sisi na mizigo.

"Na hicho kimashine?"

"Kilo mbili na nusu," nilijibu.

"Kizito kuliko bibi yako," alisema, na Bibi akampiga kofi la bega.

Tulipotua kijijini, Matrona alikuwa amesimama mwisho wa kiwanja cha ndege. Bibi alitembea hatua, akapumzika, akatembea tena. Walipofikiana, Matrona aliusogeza uso wake mpaka pua zikakaribia kugusana. Aliangalia kwa jicho lake moja. Hakuwa na haraka. Aliangalia paji la uso, mashavu, mrija, kidevu.

"Umezeeka," alisema.

"Wewe je?"

"Mimi sijioni. Nina bahati."

Mhudumu wa afya alitukumbusha kwamba oksijeni haikai karibu na moto. Kwa hiyo Bibi haingii kwenye banda la kukaushia samaki kwa moshi. Tulihamisha meza, tukaiweka nje, mbali na moto na moshi. Alipewa kisu cha kwetu, chenye makali ya mviringo. Samaki wa kwanza, Bibi alimkata vibaya.

"Ni kukata gani huko?" Matrona alisema.

"Kwani unaona?"

"Nasikia kisu."

Waliendelea kubishana mpaka beseni likajaa. Mashine ililia kuomba betri. Niliinama chini ya meza, nikaibadilisha. Wala hawakugeuka.