Msumari wa Jikoni kwa Inshirah

Saa nne asubuhi, katikati ya mfungo, Inshirah alisikia harufu ya kitunguu saumu na giligilani vikikaangwa jikoni kwake. Akaacha kuandika. Jiko lilikuwa baridi.

Kisha mwanamke akavuta pumzi kwa nguvu. "Hiih!"

Kila mpishi wa Kairo huvuta pumzi hivyo anapomimina kitunguu saumu cha moto kwenye sufuria ya mlenda, la sivyo mlenda haunogi. Lakini jikoni hapakuwa na mtu wala sufuria. Sakafuni palikuwa na tundu tu, alipong'oa juzi msumari uliomchania ndara.

Alimwita Mzee Khalaf, bawabu wa jengo. Mzee akalitazama tundu, akarudi nyuma.

"Umeung'oa, ustadha? Niliupigilia mimi! Hapo ilimwagika damu ya Bahiga, aliyekaa humu kabla yako. Damu ya aliyeuawa isipopigiliwa msumari, jini lake huinuka."

"Aliyeuawa? Si mnasema aliteleza?"

"Mumewe alisema hivyo. Fahmi, huyu aliyehamia ghorofa ya tano."

"Na nyinyi majirani hamkusikia kitu?"

Mzee akanong'ona, "Tulimsikia akivuta pumzi. Tukasema, leo kwa Bahiga kuna mlenda."

Inshirah aligeukia karatasi zake mezani. Alikuwa ameandika riwaya kumi na tano za mauaji, na mwaka huu alikuwa akiandika pia tamthilia ya Ramadhani, sehemu thelathini, kuhusu mke aliyekutwa amekufa jikoni. Sehemu za mwanzo zilikwisha kuonyeshwa. Ya mwisho ilikuwa bado haijaandikwa.

"Nikalete nyundo?"

"Kaa na nyundo yako, mzee."

Tangu siku hiyo pumzi ile ilisogea, kwanza mlangoni mwa jikoni, kisha ukumbini, kisha nyuma ya kiti chake, mpaka asubuhi moja akaisikia sikioni kabisa, baridi, yenye harufu ya kitunguu saumu, na vinyweleo vya shingo vikamsimama huku kalamu ikiendelea kutembea, kwa sababu alijua akisimama hatakaa tena.

Mtayarishaji akapiga simu. "Dada, huyo mke ateleze tu. Watu wamefunga, wape amani."

"Wewe umefunga kula, au umefunga na macho?"

"Inshirah!"

"Ameteleza mara moja, inatosha. Mkibadilisha neno moja, jina langu litoke."

Hawakubadilisha. Usiku wa sehemu ya thelathini jengo zima lilikuwa mbele ya televisheni. Kwenye skrini mke alivuta pumzi, mkono wa mume ukiwa shingoni mwake. Nje ya mlango wake, majirani wa tamthilia walicheka: "Leo kuna mlenda!"

Jengoni hakuna dirisha lililotoa sauti.

Inshirah akageukia jikoni. Kimya. Harufu ilikuwa imeondoka.

Halafu, juu, ghorofa ya tano: "Hiih!" Na mwanamume akapiga ukelele.

Mzee Khalaf aligonga mlango, nyundo mkononi. "Ustadha, msumari! Fahmi anakufa kwa hofu!"

Inshirah aliutoa msumari kwenye kikombe cha kalamu, akautazama, akaurudisha.

"Kwani kuna nini, mzee? Leo kwa Fahmi kuna mlenda."