Jina Nyuma ya Bizimu

Karakana ya Ordgar, sonara wa Kent, siku zote ilinuka mkaa na nta. Lakini siku ya tatu sasa ilinuka udongo mbichi, na asubuhi ile harufu ilizidi. Mkewe, Tidburh, alisimama mlangoni na bakuli la uji wa shayiri.

"Umechimba nini humu?"

"Sijachimba kitu," Ordgar alijibu, akifunika meza kwa kitambaa. Haraka mno.

Tidburh akaweka bakuli chini, akaondoka. Lakini mchana, alipotaka kukata mkate, alikuta ganda lake limechorwa herufi, vijiti vya kusimama na kuinama kama vile marehemu baba yake alivyozoea kuchonga. Akazifuata kwa kidole, akasoma: Leofrun.

Leofrun alikuwa dada yake. Alizikwa wakati wa baridi, na Tidburh mwenyewe ndiye aliyembania kifuani bizimu, pini ya joho, la dhahabu lenye vito vyekundu, jina lake limechongwa nyuma.

Alikwenda karakana, akavuta kile kitambaa. Bizimu lilikuwa mezani, udongo ungali umeganda kwenye pini.

"Umefukua kaburi la dada yangu?"

"Si mimi. Kalileta shemeji yako Hunwald, mumewe. Anaoa tena, anataka nifute jina niandike la bibi harusi." Ordgar alishusha sauti. "Siwezi, mke wangu. Siku ya tatu hii nakwangua. Nikigeuka, limerudi. Hebu sikiliza."

Kru. Kru. Ilikuwa sauti ya ukucha ukikwaruza dhahabu, ukucha usioonekana, nayo ilitoka mezani ikapanda kwenye nguzo, ikazunguka paa la nyasi, ikashuka mpaka kwenye ukuta nyuma ya mgongo wa Tidburh, pole pole, kama mtu anayejifunza upya kuandika, mpaka tope la ukuta likaanza kumwagika na herufi zikajitokeza moja baada ya moja: Si homa. Mto usoni. Hunwald.

Tidburh alisoma mara mbili. Hunwald ndiye aliyewaambia kwamba Leofrun alikufa kwa homa.

"Tumpe aondoke nalo," Ordgar alinong'ona. "Yaishe."

"Siku tatu unalikwangua jina la dada yangu, kisha unakuja kulala kando yangu?" Hakupaza sauti. Ordgar alirudi nyuma hata hivyo. "Usiniguse."

Jioni Hunwald alifika na watu wake wawili, mikuki mabegani, wakicheka.

"Shemeji, bado umenuna tu? Sura hiyo itachachusha pombe."

"Sijanuna, shemeji. Kazi yako iko tayari. Njoo nikuvalishe uone inavyong'aa."

Tidburh alilibana bizimu kwenye joho la Hunwald, kwa mikono miwili, karibu na koo.

"Leofrun alikufa kwa nini?" akamuuliza.

"Si nilishakwambia," Hunwald alisema, "ni ho—"

Neno likakatika. Shingo yake ikavimba, mishipa ikasimama, macho yakapinduka yakabaki meupe, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke, sauti ambayo Tidburh alikua nayo chumba kimoja: "Alinibana uso kwa mto wa kulalia. Nilimwomba aniache nipumue. Alikuwa akiimba."

Mkuki mmoja ulianguka. Yule mwenye mkuki wa pili akajisogeza mbali na bwana wake.

"Mmemsikia?" Tidburh aliwauliza.

"Tumemsikia, mama," mmoja akajibu, huku akitazama chini.

Walimfunga bwana wao kwa mshipi wake mwenyewe, wakampeleka mbele ya mfalme. Tidburh alilichomoa bizimu kabla hawajaondoka. Kesho yake mchana alilirudisha kifuani kwa dada yake, naye Ordgar akafukia kaburi peke yake, kwa mikono mitupu, kwani mkewe alimnyima jembe. Harufu ya udongo ikatoweka karakanani. Kuta zikanyamaza.

Mfalme hakumuua Hunwald. Aliona hakuna haja. Alimfungia kwenye zizi tupu nje ya boma, na walinzi hubadilishana kila baada ya muda mfupi, kwa sababu hakuna anayestahimili. Akifunua kinywa kuomba maji, humtoka sauti ya Leofrun, ikimwomba amwache apumue. Kisha sauti yake mwenyewe humjibu, ikiimba.