Mtoto Asiye na wa Kumsemea

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alibeba ndoo hadi bombani, akapita mbele ya zahanati isiyo na muuguzi na kulitazama kufuli la mlangoni. Akirudi nyumbani alimwambia baba yake, "Leo pia." Baba, fundi cherehani, hakuinua kichwa. Jina la utani la Chiriku alimpa yeye, kwa kuwa binti huyu akiamka huanza kuongea kabla hajafumbua macho.

Kufuli hilo hilo ndilo walilolikuta siku mama yake aliposhikwa na uchungu. Mama alifariki jioni ile. Mtoto wa kiume aliyemzaa akamfuata kesho yake, hata jina hajapewa. Tangu hapo shangazi, dada yake baba, alihamia kwao.

Jumamosi moja alifika mdadisi wa takwimu, dada mchangamfu mwenye begi zito. Aliketi barazani, shangazi akiendelea kufua.

"Nawauliza akina mama wamezaa wangapi, na wangapi wamefariki," alisema. "Majibu yakijumlishwa, wakubwa watajua wapi watoto wanakufa zaidi, wauguzi wapelekwe huko."

"Mwandike mdogo wangu," Chiriku alidakia.

"Mama yuko wapi nimuulize?"

"Alikufa naye."

Mdadisi alishusha kalamu. "Pole, mdogo wangu. Mimi huandika anayoyasema mama mwenyewe. Marehemu sina pa kumwandika." Akamgeukia shangazi. "Na wewe, dada, umejaliwa wangapi?"

Shangazi hakuwahi kupata mtoto. Kabla hajafungua mdomo, Chiriku alisema, "Mmoja. Wa kiume. Alikufa siku ya pili."

Shangazi aliiacha nguo ndani ya beseni, akamtazama Chiriku. "Ndiyo," alisema polepole. "Mmoja."

Jumatatu msimamizi wa wadadisi, mzee wa miwani, alipita kuhakiki nyumba chache. Alimkuta baba peke yake kwenye cherehani.

"Dada yangu amezaa?" Baba alicheka. "Huyo kazi yake kulea wa wenzake, mzee wangu."

Msimamizi hakucheka. "Basi mdadisi wangu kapika majibu. Kazi hana tena."

Chiriku alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka shule. Akinyamaza, labda mdogo wake atabaki kwenye hesabu, lakini dada yule atakosa kazi. Akisema, mdogo wake atafutwa.

"Hakupika," alisema. "Nilidanganya mimi." Akaeleza yote.

Msimamizi alitoa kalamu, akaikata ile moja ya kwenye fomu kwa mstari.

"Kwa hiyo hayumo?"

"Hayumo, mjukuu wangu."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni. Tunajua wapo wengi waliokufa na mama zao, hawana wa kuwasemea. Ndiyo maana hesabu yetu ni makadirio. Lakini tukiziba pengo kwa uongo, hata wale waliosemwa kwa kweli hawataaminika."

"Na muuguzi, ataletwa?"

Mzee alivitazama viatu vyake. "Mimi nahesabu tu, mama."

Mdadisi hakufukuzwa. Hilo ndilo jema pekee lililotoka siku ile.

Jioni shangazi alikuwa akianua nguo. "Siku mbili nilikuwa mama wa mtu," alisema, kana kwamba anaziambia nguo. "Leo nimefiwa."

Baba alisimamisha cherehani, akamvuta Chiriku karibu. "Najua ulidanganya kwa huruma. Lakini ulimpokonya mama yako mwanawe, ukampa mwingine, na nusura dada wa watu akose kazi. Ukweli hautatufungulia kufuli lile, mwanangu. Ila wale wawili hawana kingine duniani zaidi ya sisi kuwasema kama walivyokuwa. Tusiwaharibie na hicho."

Asubuhi Chiriku alirudi na ndoo yake.

"Leo pia," alisema.

Safari hii baba aliinua kichwa.

"Leo pia," akaitikia.