Nani Alishika Kamera?

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Fely, nimeshakwambia. Kiongozi wa watalii. Anaitwa Mpho."

"Na huyu hapa?"

"Mpho huyo huyo."

"Na hapa, pembeni ya farasi?"

Joachim alicheka, akaendelea kula. Mimi sikucheka. Tulikuwa kwenye mgahawa tuliouzoea pale Xiaobei, tambi zangu zinapoa, na mezani kulikuwa na bahasha ya picha nilizotoka kuzichukua studio. Yeye alitaka azifuate kesho. Nikasema hapana, nazifuata leo. Mimi nina wivu, sifichi. Mwanamume akiniambia "usihangaike, nitaenda mwenyewe," miguu yangu inatangulia.

Ilikuwa mwaka 1998. Tulikuwa huku kwa Wachina, tunanunua nguo soko la Zhanqian na kuzisafirisha Mwanza. Ndoa yetu ilipangwa Desemba, na kule Bukoba baba alishaanza kugawa kadi. Joachim alikuwa ametoka Durban kutafuta soko, akafikia kwa Careen, binti wa baba yangu mdogo. Katikati ya safari hiyo ndipo akaenda kutalii Lesotho, kanchi ka milima mitupu kalikozungukwa na Afrika Kusini pande zote. Siku nzima, asubuhi mpaka jioni, na kiongozi wao Mpho.

"Nisimulie hiyo siku," nikasema. "Toka mwanzo."

"Tuliondoka alfajiri na gari la kupandia milima. Njia ni kona tupu, Fely. Ukichungulia chini unaanza rozari. Kule juu tukagongewa pasipoti, theluji imetanda. Mpho akatupeleka kijijini, nyumba za mawe, wakatupa mkate na pombe yao. Baadaye tukapanda farasi."

"Mpho ndiye aliyekupandisha?"

"Alitupandisha wote."

"Mbona hapa amekushika mguu?"

"Ananiwekea mguu pale pa kukanyagia! Ulitaka nianguke?"

"Ungeanguka tungejua moja. Na hili blanketi?"

"Kila mgeni anavishwa. Ndilo vazi lao, baridi kali kule."

"Na pini ya kifuani kakubania yeye."

"Fely!"

Mama mwenye mgahawa alitutupia jicho kutoka jikoni. Nikaendelea kufunua. Mpho mpakani, Mpho kijijini, Mpho na kofia yake ya majani. Nilikuwa nimeshamchukia kabisa yule dada wa watu. Nilimchukia mpaka viatu vyake.

Kisha nikafika kwenye picha ya kundi zima mbele ya gari.

"Hawa wazee wa Kizungu?"

"Mume na mke. Wajerumani. Huyu mwenye kofia ni dereva. Na Mpho, na mimi."

"Gari zima mlikuwa nyie tu?"

"Sisi tu."

Nikaisogeza picha karibu. Wazee walikuwa wanatazama milima. Dereva anawasha sigara. Mpho anaangalia saa, dada wa watu yuko kazini. Joachim peke yake ndiye aliyekuwa anaitazama kamera, anacheka mpaka macho yamefumba. Kicheko kile nilikijua. Alinichekea hivyo mwaka wetu wa kwanza, basi.

"Joachim, nani alishika kamera?"

"Eh?"

"Wote mmo humu ndani. Nani alipiga?"

Akaacha kula.

"Mtu tu. Mchunga kondoo alikuwa anapita."

"Mchunga kondoo ndiye unayemchekea hivi?"

"Alikuwa na vichekesho."

"Kwa Kiswahili?"

Nikazirudia picha zote, safari hii sikumtazama Mpho hata mara moja. Juu ya farasi, Joachim anatazama kamera. Kwenye theluji, anatazama kamera. Amenyoosha mkono na kipande cha mkate, anamlisha mtu ambaye haonekani.

"Twende tukampigie Careen," nikasema. "Yeye ni mwenyeji wako, atajua ulienda na nani."

"Careen yuko kazini. Siku ile pia alikuwa kazini, hajui lolote. Usimsumbue mtoto wa watu."

"Ni mdogo wangu. Namsumbua."

Duka la simu lilikuwa jirani tu. Joachim alinifuata nyuma ananisihi, mara gharama, mara laini mbaya. Nikabonyeza namba ya ofisini kwa Careen. Ikaita, ikapokelewa, na kabla sijafungua mdomo sauti yake ikadakia:

"Joachim? Nilijua ni wewe, saa zako ndizo hizi. Umeshamwambia dada?"

Saa hizo ndizo Joachim alizokuwa akiniaga kila siku kwamba anakwenda kwa wakala wa mizigo.

"Hajaniambia," nikajibu. "Niambie wewe."

Nikamsikia akifunga mlango wa ofisi.

"Careen, kamera ulishika wewe?"

"Dada... wewe mwenyewe uliniambia nimtembeze. Mwanzoni tulikuwa tunatembea tu."

Iliniuma. Mpho ningemchukia kwa raha zangu mpaka nizeeke. Careen nilimsuka nywele akiwa na miaka mitano. Nikakata simu.

"Ilikuwa siku moja tu, Fely," Joachim akasema, machozi yanamlengalenga. "Siku moja. Nisamehe, tufunge ndoa yetu."

"Siku moja nchi nzima mmeimaliza. Mimi hata hapo mlima Baiyun hujawahi kunipeleka."

"Nitakupeleka kesho."

"Kesho nenda mwenyewe."

Nikamwomba mwenye duka laini nyingine, nikabonyeza namba ya dukani kwa baba. Joachim akanishika mkono. Nikauangalia ule mkono mpaka akautoa.

"Felisia mwanangu!" Baba alikuwa na furaha, anapayuka kama wote wanaopigiwa kutoka mbali. "Leo tumetoka kwa paroko! Kadi zimebaki za upande wa shangazi zako tu!"

"Usizitoe, baba."

"Nini? Sikusikii!"

"Mkwe wako yuko hapa. Alikwenda Durban, akakaa kwa Careen. Ana habari, atakusimulia mwenyewe."

Nikampa Joachim mkonga wa simu. Alitikisa kichwa. Nikaendelea kumnyooshea mpaka akaupokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, baba, marahaba!" Sauti ya mzee ilijaa duka zima. "Haya, nipe habari za safari!"

Joachim akanitazama. Nikavuta kiti, nikakaa, nikasubiri aanze.